Neno la Kumwandikia Mkwe

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi. Manyunyu membamba yalianguka tangu alfajiri, yale yasiyomlowesha mtu bali humkera tu, na upepo ulikuwa wa baridi. Mke wangu alikataa mwavuli. Alisema mkono mmoja ameegemea ukuta, wa pili amenishika mimi, sasa huo mwavuli aushike kwa meno?

Tulikuwa tunakwenda hospitali kuchukua majibu. Si mbali, lakini siku hiyo tulipumzika mara nyingi, na kila tulipopumzika alijifanya anatazama kitu: nguo zilizotundikwa dukani, paka juu ya bati, tangazo la rangi za nyumba. Nami nikajifanya natazama.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanza kujionyesha. Mguu wa kulia ulichelewa, wa kushoto ukakimbia, uzi ukakatika. Kwanza aliilaumu cherehani. Nikaitia mafuta, nikabadilisha mkanda. Kisha akalaumu viatu, halafu sakafu. Siku alipoanguka kati ya cherehani na mlango, kaptula za watoto zikatawanyika hadi uani, hakulaumu kitu tena.

Daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanetu. Alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza, na hapo nikajua habari si njema.

"Ugonjwa umekaa hapa nyuma," alisema, akajigusa kisogoni. "Sehemu hii ya ubongo ndiyo inayoupima mwili usianguke. Inakufa polepole. Miguu imeanza. Mikono itafuata. Mwisho ni ulimi."

"Kwani ulimi nao una miguu?" mke wangu akauliza.

Daktari hakujua kama acheke. "Hata kusema kunataka kipimo, mama. Maneno yataanza kuteleza, baadaye watu hawatakuelewa. Dawa ya kuurudisha nyuma hatuna, na baada ya ulimi mtu hakai sana. Mazoezi yatauchelewesha kidogo."

"Ulimi wangu utafika hadi lini?"

"Tarehe siwezi kukupa. Pengine kabla ya mwaka huu kwisha."

Tulipotoka manyunyu yalikuwa yamekoma. Mke wangu alitaka kukaa, tukakaa kwenye kibaraza cha duka la vioo. Nyuma yetu vilipangwa vioo vya kuuza, na kila mpita njia alipita mara mbili. Nilikuwa namwomba Mungu kimya kimya, bila mpangilio, kama mtu anayebisha mlango kwa mikono yote miwili.

"Baba Spana," akaniambia. "Miguu na iende. Mikono nayo, shauri yake. Lakini Spana aje kabla sijaishiwa ulimi. Safari ile sikumuaga. Nataka nimuage kwa mdomo wangu mwenyewe."

Spana ni mwana wetu wa pekee. Alipewa jina hilo akiwa mdogo, kwa sababu nilipokwenda naye kazini alilala usingizi na spana mkononi na ukimnyang'anya analia. Sasa ni fundi wa injini kwenye meli za mizigo. Siku aliyoondoka nyumbani mama yake alijifungia chumbani, hakutoka hata begi lilipovutwa mlangoni. Tangu hapo wamesalimiana kwenye simu, hujambo, sijambo, umekula, nimekula, lakini lile jambo hakuna aliyeligusa. Na meli yake ikiingia katikati ya bahari, simu yake hukatika kwa miezi. Ujumbe wa kumfikia hupitia kwa mkewe, ambaye anaishi ng'ambo na mjukuu wetu. Ofisi ya meli nayo haimwachii fundi kwenda nyumbani mpaka mkewe aombe na kueleza kwa nini.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa mkwe wetu. Na mkwe wetu alijua maneno mawili tu ya Kiswahili, asante na pole. Mara ya kwanza aliponipigia simu tulipumuliana tu hadi salio likaisha. Kesho yake nilikwenda kujiandikisha masomo ya jioni ya Kiingereza. Nilikuwa nimeshapita umri wa kuanza kitu chochote, lakini nilisema kama Mungu amenipa mjukuu asiyeelewa nikimwita, basi amenipa na kichwa cha kujifunza.

*

Darasa letu lilikuwa kwenye shule ya msingi. Madawati ni ya watoto, magoti yanagonga mbao. Mimi waliniita Mzee Tairi, kwa sababu kazi yangu ni kusawazisha magurudumu gereji. Gurudumu likiwa na upande mzito, gari hutetemeka barabarani. Unalizungusha kwenye mashine, mashine inakuonyesha pa kubandika kipande kidogo cha madini ya risasi, linatulia. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nyuma yangu alikaa kinyozi. Pembeni alikaa mlinzi wa ghala tuliyemwita Kepteni kwa ajili ya kofia yake.

Jioni hiyo, kabla Mwalimu hajafuta ubao, niliinua mkono.

"Mwalimu, mtu asiyeweza kusimama bila kuyumba, kwa Kiingereza wanamwitaje?"

"Mlevi," alijibu kinyozi, na darasa zima likacheka. Nami nilicheka, kwa mazoea. Kisha nikawaambia alichosema daktari. Kinyozi akaja kukaa dawati moja nami, ingawa halikututosha.

"Nisamehe, Mzee Tairi. Ngoja nikutafutie kwenye simu, inatafsiri yenyewe." Akaandika: mke wangu anayumba. Mwalimu alisoma jibu, akavua miwani, akafuta macho.

"Simu inasema mke wake anabembea," alisema. "Kama mtoto kwenye bembea."

"Basi, funga hiyo simu," akasema Kepteni.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole, anayeandika ubaoni kwa herufi za kukaa wima. Aliandika maneno matano, moja chini ya jingine: wobbly, uneven, lopsided, unbalanced, unsteady. Akayaeleza taratibu, kila moja na mahali pake. Mwishoni akasema jambo ambalo nililiona dogo wakati ule. "Mzee, Waingereza wanaamini ulichowaambia. Ukisema kidogo, wanasikia kidogo. Hakuna atakayekaa kujiuliza umeficha nini."

Nilinakili maneno yote kwenye karatasi na kuiweka mfuko wa shati.

*

Mke wangu alikuwa kitandani, mto mgongoni, taa imewashwa. Nilipiga magoti kwanza. Nilimwomba Mungu anipe neno, nikaanza kumtajia maneno yale matano ili achague.

"We mwanamume," akasema mke wangu, "Mungu anajua Kiswahili. Usimtese kwa kazi za shule."

Nikainuka, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamsomea.

"Wobbly. Hili ni la meza yenye mguu mmoja mfupi. Au jino la mtoto."

"Mimi si meza. Na meno yangu yote yapo, nashukuru."

"Uneven. Sakafu yenye mabonde."

"Hiyo ni sakafu ya jirani. Endelea."

"Lopsided. Mzigo uliolala upande mmoja."

"Loo! Mkwe hajaniona hata siku moja, unataka anifikirie kama gunia?"

"Unbalanced. Hili tunalitumia gereji. Lakini Mwalimu anasema ukilitaja juu ya mtu, wanadhani amerukwa na akili."

Alicheka hadi akakohoa. "Hapo umepatia. Ila wa kuandikiwa hilo ni wewe."

"Unsteady. La mwisho. Mtoto anayeanza kutembea. Mgonjwa anayeinuka kitandani. Mtu asiyesimama imara."

Alikaa nalo. Alinitaka nilirudie, akalijaribu mwenyewe, akalisema vizuri kuliko mimi. "Hili lina heshima," akasema. "Liandike. Lakini tia na kidogo mbele yake."

"Kidogo ya nini? Leo asubuhi umeshindwa kuvuka mlango bila kunishika."

"Tia kidogo."

"Mama Spana, daktari amesema ulimi. Kama hatuandiki ulimi, huyu binti atajuaje kwamba kuna haraka? Mimi nataka niandike kwamba miguu imekwisha na ulimi unafuata. Hayo maneno ninayo, siyo magumu."

Alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutafuta, kama vya mtu anayepapasa ufunguo gizani.

"Sikiliza. Yule ni mkwe. Yuko peke yake kule na mtoto mdogo, mume yuko majini. Unataka apokee habari ya kifo kwenye simu, akiwa jikoni, hana hata mtu wa kumshika bega? Habari mbaya humwendei mkwe nayo hivyo. Unaanzia mbali. Unamwambia hatujambo, unamgusia, mwenyewe ataelewa."

Nami nilielewa, maana ndivyo tulivyolelewa. Hata baba yangu alipofariki niliambiwa hajisikii vizuri, nije. Aliyetumwa kuniita alikuwa analia huku akisema hajisikii vizuri, na sikuhitaji zaidi. Lakini simu haina machozi.

Nikasema hivyo. Akasema, "Andika, Baba."

Ulikuwa ugonjwa wake, na mwana wake, na neno lake. Niliandika kwa Kiingereza kile alichotaka: mpendwa binti yetu, sisi hatujambo, tunakuombea kila siku. Mama ni a little unsteady siku hizi. Mkipata nafasi mje mtusalimie, lakini msijisumbue.

Lile la msijisumbue pia alilitaka yeye.

*

Mkwe alijibu kabla hatujazima taa. Aliandika pole sana Mama, kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza akatusihi Mama aangalie asiteleze bafuni. Mke wangu aliusikiliza ujumbe huo kwa furaha. "Unaona? Ameshaanza kuelewa. Sasa atamwambia mumewe."

Tukasubiri. Aprili ikapita, nikiwa nimemwekea kamba kutoka kitandani hadi mlango wa uani ili aifuate kwa mikono. Mei mikono nayo ikaanza kukosea, kikombe kikafika shavuni badala ya mdomoni. Alikaa kitini mchana kutwa, akiitazama cherehani iliyofunikwa shuka.

Kisha kifurushi kikafika. Nilikifungua mbele yake. Ndani kulikuwa na viatu vya kijivu, vipya, vyepesi, vya kufunga kwa mikanda ya kunatisha badala ya kamba. Nilivigeuza nikaona soli zake zina meno mazito.

"Haya ni matairi ya matope," nikasema. "Hata trekta lingeona wivu."

Kulikuwa na kadi. Mkwe aliandika kwamba alizunguka maduka mengi mpaka akapata viatu ambavyo madaktari wanawashauri watu wanaoyumba kidogo, na kwamba amekisia saizi kwa kutazama picha ya arusi yetu. Chini yake mjukuu alichora bibi mwenye miguu mikubwa sana.

Mke wangu alitaka nimvalishe. Nilimvalisha. Vilimtosha kabisa. Alivitazama miguuni mwake pale kitini, na hakuweza kuisogeza.

"Mtoto wa watu ana moyo mzuri," alisema, na maneno yalikuwa yameanza kuburuzika. "Nimemwambia nayumba kidogo, kaniletea viatu. Kosa lake liko wapi?"

"Hana kosa. Niache nimwandikie upya."

"Mwandikie asante."

"Mama Spana."

"Asante tu. Nani anaandikiwa zawadi imefika, halafu anaambiwa imechelewa?"

Nikaandika asante.

Nilikwenda darasani siku hiyo na moyo mzito, nikawaeleza. Kinyozi alikuwa upande wa mke wangu. Alisema mkwe ni mkwe, humtii presha mtoto wa watu. Kepteni alivua kofia yake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Mzee Tairi, mimi nikiona moshi ghalani usiku, simpigii bosi nikamwambia shikamoo bosi, huku kuna kajotojoto. Namwambia ghala linaungua. Akizimia, atazinduka."

"Lakini yeye ndiye mgonjwa," nikasema. "Mimi nani nimvunjie neno lake?"

Nilimgeukia Mwalimu. Alikuwa anapanga chaki. "Mimi nafundisha maneno, Mzee," akasema kwa upole. "Lipi la kupeleka, hilo siwezi kukuchagulia. Ila nitakuombea."

Usiku ule nami niliomba, safari hii bila kutaja neno lolote. Nilimwambia Mungu: unaona wote wawili, yule wa hapa anayeona haya na yule wa kule asiyejua. Nionyeshe nimkosee yupi.

*

Jibu lilikuja asubuhi moja ya Juni, kupitia mlangoni. Alikuja mama wa mwanafunzi, hakuwa na habari za ugonjwa, akataka kujua kama sare ya mwanawe iko tayari. Mke wangu alimjibu mwenyewe. Alimwambia kwa sasa hashoni, amwendee fundi wa kona ya sokoni, ni mzuri. Maneno yote hayo aliyasema, mimi niliyasikia moja moja.

Yule mama alitabasamu kwa adabu. Kisha akanigeukia mimi. "Samahani, anasemaje?"

Mke wangu aliuona uso ule. Mteja alipoondoka alijigeuza ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Nilichukua simu, nikakaa karibu naye.

"Leo namwandikia. Sikuombi ruhusa, nakuarifu."

"Usimtishe," akasema.

"Namtisha."

Niliandika kwa Kiingereza cha mtoto: Njooni. Ubongo wake unakufa. Hawezi kusimama. Hivi karibuni hataweza kusema. Anataka kumuaga mwanawe kwa mdomo wake. Hakukuwa na hata neno moja kati ya yale matano. Nilimsomea kwa Kiswahili kabla ya kutuma, ajue. Alifumba macho, hakunizuia.

Simu iliita papo hapo. Mkwe alikuwa analia, na kulia hakuhitaji masomo ya jioni. Kati ya machozi alirudia swali moja, nami nililielewa: kwa nini hamkuniambia? Nilikuwa na sentensi moja tu ya kumjibu, kwamba Mama hakutaka kumsumbua. Nilimsikia anavuta pumzi, na nyuma yake mtoto anauliza kitu.

Siku hiyo hiyo aliiandikia ofisi ya meli. Lakini meli ilikuwa katikati ya bahari, na meli haigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja. Ilibidi ifike bandari iliyokuwa ikielekea, Spana ashuke huko, apewe karatasi zake, akutane na mkewe na mtoto, ndipo waanze safari ya kuja. Angeambiwa Machi, meli ilikuwa bado inapita karibu na bandari ambako angeweza kushuka. Mkwe ndiye aliyeniambia hilo, bila kunilaumu, na ndiyo maana liliniingia zaidi.

Ulimi haukungoja. Kila wiki herufi fulani zilimtoka. Mwishoni mwa Julai kilichobaki ni sauti, za kupanda na kushuka, na hakuna aliyezielewa isipokuwa mimi. Sikuwa na ujanja wowote. Nilikuwa tu nimekaa naye kila saa wakati maneno yakiharibika, nikaharibika nayo, kama mtu anavyozoea redio inayokwaruza.

Jioni tuliomba pamoja. Yeye alisema amina yake, na hiyo ilitosha Mungu peke yake kuielewa.

*

Walifika Agosti, mchana wa jua. Nyumba yetu haina viti vya kutosha wageni, kwa hiyo Mwalimu na Kepteni walikuja na viti vya darasani, wakavipanga chumbani kuzunguka kitanda. Walitaka kuondoka, nikawaomba wabaki. Niliogopa Kiingereza changu kitaniishia.

Spana aliingia kwanza. Ana ndevu sasa, na mikono yake inanuka mafuta kama yangu. Nyuma yake mkwe, mrefu, amejifunga kitambaa kichwani kwa heshima, na mtoto amejificha kwenye sketi ya mama yake. Mke wangu alikuwa ameegemezwa mito. Spana alipiga magoti akaushika mkono wake.

"Mama."

Mke wangu alimtazama, akamtazama. Kisha akasema kitu.

Spana aliinama karibu zaidi. "Nini, Mama?"

Alisema tena. Mwanangu aliinua uso akanitazama, na sitausahau uso huo, uso wa mtu mzima asiyeelewa lugha aliyonyonyeshwa nayo. "Baba, anasemaje?"

Mkwe naye aliuliza kwa Kiingereza, akinitazama. Mwalimu na Kepteni walinitazama. Chumba kizima kilikuwa kinangoja mdomo wangu.

Mke wangu alikuwa amesema: mmechelewa.

"Anasema karibuni," nikajibu. Nikamgeukia mkwe. "She says welcome."

Mkono wa mke wangu uliinuka, ukapiga godoro. Ulipiga tena. Aliisikia welcome jioni nyingi nikifanya mazoezi kitandani hapo, alijua maana yake sawasawa. Alitikisa kichwa, macho yake yananiwakia, akarudia neno lake kwa nguvu zote alizobaki nazo. Yule yule aliyeniambia niweke kidogo.

Nikamwomba Mungu anishike, nikasema. "Nisameheni. Hakusema karibuni. Anasema mmechelewa." Na kwa Kiingereza nikamwambia mkwe: late. Anasema mmekuja late.

Mkwe alijiziba mdomo. Nilidhani atatoka nje. Badala yake alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa pili wa Spana, akasema sentensi ndefu ambayo Mwalimu alinisaidia kuitafsiri: muulize kama amenikasirikia mimi.

Nilimuuliza. Mke wangu alijibu polepole, akipumzika kila baada ya sauti, nami nikafuata nyuma yake. "Siyo wewe, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema kidogo."

Kisha akamgeukia Spana, na tukaanza ile kazi. Yeye alisema sauti tatu au nne, mimi nikazisema kwa Kiswahili, halafu nikazitafutia Kiingereza kwa ajili ya mkwe. "Safari ile nilijifungia. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nimekaa sakafuni, nyuma ya mlango. Nilikusikia unafunga begi. Nilijua nikikuona sitakuachia. Ndiyo maana sikutoka." Alipumzika. "Sasa nakuaga. Nilitaka unisikie mimi, siyo baba yako. Lakini ndiyo hivyo."

Nililisema hata hilo la mwisho, kama lilivyo.

Spana alikuwa ameuficha uso kwenye shuka. "Siendi popote, Mama."

"Utakwenda," akasema mke wangu, nikasema mimi. "Mimi natangulia."

Kepteni alikuwa amevua kofia yake ameikunjakunja mapajani. Mjukuu alimuuliza mama yake kitu kwa kunong'ona. Kisha mkwe akainuka. Alinitazama machoni, jambo ambalo mkwe wa huku asingelifanya, na akazungumza taratibu ili nielewe bila msaada. Alisema siku zilizobaki ni chache. Alisema Mama atasema mengine, pengine magumu kuliko haya, na wao hawana mdomo mwingine wa kumsikia isipokuwa wangu. Akaniuliza: kesho utaniambia tena welcome?

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amenikazia macho, anangoja kama wengine.

Nikasimama katikati ya viti vile vidogo, nikainua mkono wa kulia, nikasema kwa Kiswahili kwanza na kisha kwa Kiingereza, kwa sauti, ili Mwalimu asikie, na Kepteni, na mwanangu, na mkwe wangu, na mtoto yule, na yeye aliyelala:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi. Kila atakachosema nitakisema kama alivyokisema. Sitakipunguza, sitakitia kidogo mbele yake, hata kikiniuma mimi, hata kikiwauma ninyi, mpaka siku atakaponyamaza."